Moshi wa Shamba la Ng'washi

Bariadi,
9 Machi 1997

Mwanangu Wilhelmina,

Niwie radhi kwa kimya cha miezi minne. Barua yako ya tarehe 10 Novemba ilifika salama na nimeisoma zaidi ya mara moja. Sikuwa mgonjwa, wala sikukosa stempu. Nilikosa moyo wa kuandika. Mtu aliyewafundisha watoto kwa miaka thelathini na mmoja kwamba barua hujibiwa ndani ya majuma mawili hana udhuru mwingine wa kutoa.

Sisi hapa mhola duhu, salama tu. Mama yako mkubwa, Specioza, anakusalimu. Goti lake la kushoto bado linamsumbua, lakini kanisani anafika. Mvua ya mwaka jana unajua ilivyotutenda. Mahindi yalikauka yakiwa na urefu wa kiganja, na sasa tunakula michembe, vile viazi vilivyokaushwa, asubuhi na jioni, wala hatulalamiki, kwa maana wako wasio na hiyo michembe.

Nianze na swali lako la chuoni. Uliniuliza maumbile yana nafasi gani katika ile tanzia ya Kiingereza mnayoisoma, ambamo mtu anamwua mfalme aliyelala nyumbani kwake, na kesho yake jua linakataa kutoka na wanyama wanakwenda kinyume cha desturi yao. Mkufunzi wenu amewafundisha kwamba maumbile huchukizwa na dhambi ya mwanadamu. Andika hivyo, utapata alama. Ila ukitaka kuelewa, fanya kama nilivyowafanyisha wanafunzi wangu. Chukua penseli, upigie mstari kila mahali panapotajwa mvua, upepo au giza, kisha pembeni uandike jina la anayesema. Utaona kwamba anga lenyewe halisemi neno hata moja. Wanaolisemea ni watu, na kila mmoja analisemea kwa haja yake. Mwenye hofu anasikia hofu yake, na mwenye damu mikononi anafurahi kwamba watu wametazama juu badala ya kumtazama yeye. Maumbile ni shahidi asiyeweza kuitwa barazani, ndiyo maana kila mtu humtilia maneno kinywani.

Sasa nije kwenye jambo lililonifunga mkono.

Shangazi yako Ng'washi yuko hapa kwangu tangu tarehe 4 Februari. Alikuja na lori la chumvi kutoka Mwanhuzi, akiwa na sufuria moja, jembe, na mbegu za pamba alizozifunga kwenye pindo la kanga. Amefukuzwa kwao. Nasema kwao kwa makusudi, kwa sababu lile shamba la kando ya barabara alipewa na baba yetu mzazi aliporudi nyumbani baada ya kufiwa na Salu, mumewe, nami nilikuwapo.

Kosa lake ni hili. Ushirika ulipokuwa na nguvu, sheria ilikuwa kwamba ifikapo katikati ya Septemba kila mkulima awe amekwisha kung'oa miti ya pamba na kuichoma, ili funza wa vitumba wasipate mahali pa kujificha hadi msimu mwingine. Leo wanunuzi binafsi wamekuja, bwana shamba haonekani, na hakuna anayeng'oa. Ng'washi peke yake aliendelea kung'oa na kuchoma, kwa sababu mimi nilimwandikia aendelee. Pamba yake ikatoka nyeupe, ya majirani ikaliwa. Kisha mvua ikakosekana. Wakakumbuka kwamba mwezi Septemba moshi ulionekana kwenye shamba moja tu. Wakasema moshi ule ndio uliofukuza mawingu. Wakasema na macho yake ni mekundu, kama ya mchawi. Macho ya wanawake wote wa huko ni mekundu, kwa kuwa miti imekwisha na wanapikia kinyesi cha ng'ombe.

Walikuja mchana kweupe, Mahona yule jirani akiwatangulia, wakaezua nyasi za paa lake huku amekaa ndani. Alipewa siku tatu.

Baba yako Shigela alikuwapo. Sijaandika kwamba alishika nyasi. Naandika kwamba alikuwapo.

Ng'washi anataka kurudi kwake kabla ya msimu wa kupanda. Nami nataka arudi kwa haki, si kwa kunyemelea. Niandikie kama kuna lolote unalolijua, kwa maana ulikuwa huko Krismasi.

Baba yako mkubwa,
Joakim


Morogoro,
2 Aprili 1997

Baba mkubwa, shikamoo. Mama mkubwa naye nampa shikamoo yake, na goti namwombea.

Mimi ni mzima kabisa. Huku Morogoro mvua zimeanza kidogo na mlima una mawingu kila asubuhi. Chakula cha chuo ni kilekile, maharage yenye wadudu, tumezoea. Pasaka tulikwenda kanisani kwa miguu tukaimba.

Ahsante sana kwa jibu. Nilichukua penseli nikapiga mistari kama ulivyoelekeza, na kweli majina ya pembeni yalinishangaza. Mkufunzi alisoma kazi yangu mbele ya darasa akauliza wazo nimelitoa wapi. Nikamwambia kwa baba yangu mkubwa, mwalimu mstaafu. Akasema, "Mzee huyo bado wa moto." Samahani, ndivyo alivyosema.

Tumepewa swali la pili: je, wale vikongwe wachawi wa tanzia hii, wenye uwezo juu ya upepo, ni sehemu ya maumbile au ni kinyume chake? Ukipata nafasi naomba mawazo yako, maana ni la mtihani.

Habari za shangazi zimenisikitisha. Mpe pole sana. Naamini mvua ikinyesha vizuri watu watatulia wenyewe. Baba hajaniandikia chochote juu ya hilo, na kwa sasa nisingependa kumwuliza, kwa sababu ndiye anayenisomesha, na wewe mwenyewe unajua alivyo akiulizwa maswali.

Wako mtiifu,
Wilhelmina


Bariadi,
11 Mei 1997

Mwanangu Wilhelmina,

Natumaini u mzima. Hapa Specioza alilazwa siku mbili kwa malaria, amepona. Machi ilitupa mvua kidogo. Ng'washi amepanda mbegu zake nyuma ya jiko langu, mistari mitatu, na mimea imefika magotini. Anaipalilia kama anayepalilia ekari kumi.

Barua yako ilikaa mezani wiki mbili kabla sijaweza kuishika tena. Imejaa tanzia. Juu ya shangazi yako kuna mistari michache mwishoni, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa akiwa njiani kwenda kunawa. Unasema watu watatulia wenyewe. Maji hutulia yenyewe. Watu hutulia wanapokuwa wamepata walichokitaka.

Nitakueleza nilichokisikia, nawe utanijibu.

Siku barua yako ilipofika Ng'washi alikuwa uani anachambua mlenda. Nilikuwa nimeshika kazi yako ile, nakala uliyoitia pamoja na barua, nikamsomea kwa Kisukuma sehemu mbili tatu ili nimchangamshe. Akacheka.

"Hiyo naijua," alisema. "Mtoto wa Shigela aliisimulia. Ni hadithi nzuri, ina vikongwe."

"Aliisimulia wapi?"

"Siku ya pili ya Krismasi, kwenye kibaraza cha baba yake. Sisi wanawake tulikuwa nyuma, kwenye masufuria. Sikujua, Joakimu, kama Ulaya nako tuko."

"Mko akina nani?"

"Akina mimi. Wenye kufunga mvua." Akaendelea kuchambua mlenda. "Shigela akasema, mnasikia? Hata Wazungu wameliandika. Wote wakaendelea kula."

Nilikwenda chumbani nikakaa. Nimeona mambo mengi ya kutia kinyaa katika miaka hii ya biashara huria. Nimeona watu wazima wakimwagia pamba maji na mchanga ili mizani ilale upande wao, wale wale waliokuwa wakitenganisha pamba safi na pamba fifi, ile yenye madoa, gunia kwa gunia, na kuona haya fifi ikizidi. Lakini hili la kula nyama ya mbuzi huku dada yako anapika nyuma ya ukuta, nawe unamtafutia hukumu kwenye kitabu cha mwanao, sijapata jina lake.

Swali langu ni fupi. Ulisimulia nini, na ulisimulia mara ngapi?

Swali la vikongwe wa mtihani wako sitalijibu. Unaye mmoja kwangu. Njoo umwulize.

Joakim


Morogoro,
20 Agosti 1997

Baba mkubwa, shikamoo.

Naomba unisamehe kwa kuchelewa. Niliandika barua tatu nikazichana. Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule moja ya Kilosa, na huko nilisema nitaandika nikirudi, na niliporudi nikasema nitaandika baada ya mtihani. Mtihani umekwisha tangu wiki iliyopita. Mama mkubwa anaendeleaje? Nimemnunulia dawa ya kuchua goti, nitamtumia nikipata mtu wa kuaminika.

Nitasema.

Niliisimulia mara tatu. Mara ya kwanza baba alisema tu, "Hebu tuambie huko mnasoma nini, tujue mbuzi tunaowauza wanakwenda wapi." Wakacheka. Nikasimulia kwa Kisukuma, na nakiri nilifurahi, kwa sababu wazee walikuwa wananisikiliza mimi, msichana, na hakuna aliyenituma maji. Kisha Mahona akaja, baba akasema nianze upya kwa ajili yake. Mara ya tatu walikuja watu nisiowajua kutoka upande wa Bukundi, na safari hiyo baba hakutaka habari za mfalme wala za vita. Alitaka vikongwe tu.

Akaniuliza, "Hao vikongwe wa kwenye kitabu, huwa wanachoma kitu?"

Baba mkubwa, kitabuni hakuna anayechoma shamba. Niliona watu wote wananisubiri. Nikasema ndiyo, huchoma, na moshi ukipanda mvua hukimbia. Nilidhani natia chumvi. Nilijua moshi wa nani walikuwa wanaufikiria, kwa sababu tangu nifike nyumbani nilikuwa nausikia unasemwa. Nilijua, na nilisema.

Nikasikia masufuria nyuma yamenyamaza.

Kwa kuwa unataka shangazi arudi kwa haki, najua utaniambia niandike haya kwenye karatasi itakayosomwa mbele ya watu. Siwezi. Ni baba yangu. Nikiandika hivyo sitakuwa na mahali pa kufikia nikitoka chuo, na wadogo zangu wanne wanamtegemea. Naomba usinilazimishe. Mwambie shangazi namkumbuka.

Wilhelmina


Bariadi,
28 Septemba 1997

Mwanangu Wilhelmina,

Specioza ni mzima na anangoja hiyo dawa. Amesema umchague mtu mzito asiyeinusa njiani.

Barua yako nimeisoma. Ilikuwa barua ya kwanza ya kweli uliyoniandikia tangu uingie chuo, na imeniumiza mahali pengi. Sitakugombeza. Wewe ulisimulia kwa kupenda kusikilizwa, na ugonjwa huo sisi walimu tunao wote.

Mwezi wa nane, kabla barua yako haijafika, nilikwenda kwa baba yako. Nilipanda basi hadi Mwanhuzi, na kutoka hapo nilibebwa kwa baiskeli. Nilitaka kuona kwa macho yangu kabla ya kusema.

Shamba la Ng'washi limekuwa kituo cha kununulia pamba. Baba yako ni wakala wa mnunuzi, hilo unalijua. Usilolijua pengine ni kwamba kibanda cha mizani kimeezekwa kwa nyasi za paa la shangazi yako. Nilizitambua kwa ule mkanda wa katani niliofungia mwenyewe upande wa upepo, mwaka Salu alipofariki. Nilisimama chini ya nyasi hizo nikiwatazama watu wakileta pamba imelowa, ina kokoto, ina hata viatu vibovu ndani, na hakuna aliyefungua gunia kutazama. Yote inamwagwa kwenye rundo moja. Nikatoka nje.

Shigela alinifuata.

"Kaka, umekonda," alisema. "Huko Bariadi hamli?"

"Tunakula. Tuko watatu sasa."

"Na huyo mtu wako anaendeleaje?"

"Huyo mtu ni dada yako. Ana jina."

Akatazama barabarani. "Mimi sikumfukuza. Mvua ndiyo iliyomfukuza. Kama ingenyesha, nani angemgusa? Wewe kaka usinilaumu mimi, laumu mwaka."

"Na kituo hiki, ni mwaka ndio uliokijenga?"

"Shamba lilikuwa tupu."

Hayo ndiyo maneno ya baba yako, nimeyaandika kama yalivyotamkwa. Mtihani wako umekwisha, lakini kama wangekuuliza tena nafasi ya maumbile katika tanzia, ungewaandikia hayo: mwaka ndio uliofanya. Pande zote za kijiji mashamba yalikuwa na miti ya pamba imesimama, mikavu, funza wametulia ndani yake kama wapangaji. Hakuna anayewashuku hao.

Alinipa fulana ya kampuni yake nimletee Ng'washi. Niliichukua kwa sababu sikutaka kugombana mbele ya watu. Ng'washi aliikunjua, akafuata maandishi kwa kidole ingawa hajui kusoma, maana hata barua zangu alikuwa akisomewa, kisha akafutia sakafu. Anaifua kila Jumamosi.

Nimeitisha kikao cha ukoo siku ya Jumatatu, tarehe 29 Desemba, watu wakiwa wamekusanyika kwa Krismasi. Kitakuwa hukohuko, kwenye kiwanja cha baba yetu. Nataka mambo mawili: Ng'washi arudishiwe shamba lake, na Shigela aseme mbele ya watu kilichotokea, la sivyo nitakwenda polisi Mwanhuzi, awe ndugu au asiwe. Upande wao watasema hadithi ya kitabu. Ni karatasi yako tu inayoweza kuwajibu. Sikulazimishi. Nakuambia tu kwamba bila hiyo nitakuwa mzee mmoja anayebishana na kitabu asichonacho mkononi.

Hapa nyumbani, tarehe 13, Ng'washi aling'oa ile mistari yake mitatu na kuiwasha. Moto haukudumu. Tuyaache hayo.

Joakim


Morogoro,
30 Oktoba 1997

Baba mkubwa, shikamoo, na mama mkubwa pia. Dawa ya goti inakuja na katekista Athanasi, ni mtu mzito.

Huku mvua inanyesha tangu wiki iliyopita bila kupumzika. Redioni wanasema ni ya nchi nyingi na ina jina la kigeni. Tunafua nguo hazikauki.

Baba aliniandikia. Hakusema lolote juu ya kikao. Alisema nikija likizo nilete kile kitabu. Nilikaa na barua hiyo siku nzima. Nikaona kwamba anataka kukiinua mbele ya watu, na hakuna kati yao atakayeweza kukisoma isipokuwa mimi na wewe.

Karatasi uliyoitaka iko ndani ya bahasha hii. Nimeandika mara ngapi nilisimulia, nani aliniambia nirudie, na kwamba habari ya kuchoma na moshi haimo kitabuni, niliibuni mimi baada ya baba kuniuliza. Nimetia sahihi, na mwenzangu wa chumbani ameshuhudia. Sikuandika neno baya juu ya baba. Niliandika alichosema tu.

Kitabu sitakileta. Nimekirudisha maktaba.

Nikitoka chuo Mei sijui nitafikia wapi. Kama kuna nafasi nyuma ya jiko lako, ambapo shangazi alipanda, naomba usipande kitu kingine.

Jambo moja. Ulisema moto haukudumu, kisha ukasema tuyaache. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu akisema tuyaache, hapo ndipo pa kupigia mstari. Nimepiga. Kwa nini haukudumu?

Mwanao,
Wilhelmina


Bariadi,
14 Desemba 1997

Mwanangu Wilhelmina,

Barua yako ilifika juzi, imelowa pembeni, lakini wino wako haukutoka. Katekista Athanasi alifika kabla yake. Specioza anapaka dawa asubuhi na jioni, na nyumba yote inanuka karafuu.

Maji yamejaa. Daraja la kwenda Mwanhuzi limechukuliwa, na magari yanalala huku na huku ya mto. Kikao cha tarehe 29 hakitawezekana kwa tarehe hiyo. Nimewatumia ujumbe kwamba kitakaa siku ya tano baada ya mto kupitika, bila kuahirishwa tena. Karatasi yako nimeifunga kwenye nailoni na kuiweka ndani ya misale, kile kitabu cha misa cha baba yangu.

Habari zimetufikia kabla maji hayajafunga njia. Huko sasa wanasema mvua hii ni ya Ng'washi. Mwaka jana aliizuia, mwaka huu ameifungulia kwa hasira, awazamishe. Mahona amepoteza ng'ombe sita kwenye tope na amelitaja jina lake. Nilipomsimulia Ng'washi mwenyewe, alikuwa anakinga maji ya paa kwa sufuria.

"Wangeniuliza tu wanataka kiasi gani," alisema. "Ningewapimia."

Specioza alicheka hadi akashika goti. Mimi sikuweza kucheka, na sasa nitakueleza sababu, kwa kuwa umenipigia mstari.

Tarehe 13 Septemba ilikuwa Jumamosi. Ng'washi aliamka akang'oa miti yake yote, akaikusanya katikati ya uwanja, akawasha. Miti ilikuwa mikavu, moshi ukapanda mweupe, ulionyooka, ukapita juu ya paa. Siku hiyo mbingu ilikuwa kavu kama ngozi iliyowambwa, na watu wa mtaa wetu walikuwa na majuma wakitazama juu. Mimi nilikuwa barazani nasahihisha kitu kwa ajili ya parokia.

Mama Felisita, jirani wa upande wa pili wa ua, akainua shingo. "Mwalimu," akasema, "mgeni wako anachoma nini?"

Nyuma yake walikuwako watu wengine wawili wamesimama njiani, nao wanatazama.

Ningeweza kumjibu. Ningeweza kumwambia habari za funza kwa sentensi mbili, kama nilivyowaambia watoto elfu moja. Mama Felisita si mtu mbaya, angeelewa. Badala yake niliinuka, nikachukua ndoo ya maji ya kunywa, katika ukame ule, nikakimbia, mimi na umri huu, nikayamwaga motoni. Kisha nikarudi nikachukua ya pili. Niliyamwaga yote mpaka moshi ukafa. Nikamgeukia mama Felisita nikasema, "Takataka tu, zimekwisha."

Takataka. Nilimwandikia dada yangu miaka kumi achome. Paa lake limeondoka kwa sababu alinisikiliza. Na siku moshi ulipopanda nyumbani kwangu mwenyewe, nilikuwa wa kwanza kuuogopa.

Ng'washi alikuwa amesimama na miti michache mkononi, ile ambayo hakuwa ameitia motoni. Alinitazama, si kwa hasira.

"Na wewe, Joakimu," alisema.

Sijawahi kujichukia kama siku ile. Nimeandika hapo nyuma maneno makali juu ya baba yako, wala sifuti hata moja. Lakini Shigela alisimama pale kwa sababu alilitaka shamba. Mimi sikutaka kitu chochote kutoka kwa mtu yeyote. Nilikimbia na ndoo kwa sababu watu watatu walitazama juu.

Kwa hiyo kikaoni zitasomwa karatasi mbili, yako na yangu. Yangu nimeiandika jana. Ni fupi na haina kosa la tahajia, hilo naweza kulidhamini. Najua watasema, mzee mwenyewe alizima moto, basi alijua kuna kitu ndani yake. Waseme. Siwezi kumtaka Shigela akiri mbele ya ukoo huku langu limefichwa nyuma ya jiko.

Kama watakubali arudi, bado kuna jambo ambalo sikulifikiria nilipokiitisha kikao. Nilimwuliza Ng'washi jana, wakiamua urudi, utarudi? Nilidhani najua jibu, maana tangu Februari hana wimbo mwingine. Alisema anayapima. Alisema shamba lake analitaka, ila kwenye shamba kuna majirani, na hapa kwangu kuna mimi na ndoo yangu.

Ile miti niliyoilowesha hakuitupa. Aliianika siku kadhaa, akaifunga kwa kamba ya katani, na tangu hapo fungu lile limeegemezwa ukutani kwenye chumba chake, karibu na jembe. Miti ya mwaka mzima, mistari mitatu, mzigo wa mtu mmoja kubeba kichwani. Specioza ana shida ya kuni kwa mvua hii, lakini hatumgusii. Hatujui ameufunga kwa safari, akauchomee kwake mbele ya macho yao wote, au siku moja tutaukuta jikoni na tutajua kwamba amebaki.

Nyuma ya jiko hapajapandwa kitu. Nafasi yako ipo, uje Mei.

Usingoje barua ya Krismasi wala ya mwaka mpya kutoka kwangu. Kikao kitaamua lake, nami sitaharakisha kununua stempu kwa ajili ya hilo. Siku Ng'washi atakapouinua mzigo ule, hata kama ni kwa kuusogeza hatua tatu mpaka jikoni, siku hiyohiyo nitakaa nikuandikie.

Baba yako mkubwa,
Joakim